Kiti Kipo Dirishani: Namna ya Kuandaa Onyesho la Mashairi na Maigizo Juu ya Usonji na Ulemavu

Kijana mmoja wa kikundi chetu hapa Temeke haitikii salamu kama mimi na wewe. Ukimwambia "Mambo?" anakujibu kwa sauti ya konda wa daladala la Mbagala Rangi Tatu: "Twende mmoja mmoja, kiti kipo dirishani!" Ukimuuliza kama ameshiba, jibu ni lilelile. Akifurahi ni lilelile, ila mbiombio. Wiki tatu za mwanzo nilihangaika kumnyamazisha ili tufanye kile nilichokiita mazoezi. Wiki ya nne mama yake, aliyekuwa amekaa mkekani pembeni akisuka ukili, akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu," akasema, "hivi huo mstari umeuhesabu? Si mizani kumi na sita hiyo?"

Nikahesabu silabi kwa vidole. Nane kwa nane. Mama huyu amekulia Pangani, nyumba ya watu wa tenzi. Mimi mwenye cheti cha sanaa sikuwa nimesikia kitu. Siku ile tukaacha kumsahihisha mtoto wa watu, tukaanza kutunga.

Haya ninayoyaandika ni njia tuliyopita tangu siku hiyo. Ni kwa ajili ya mwalimu, mzazi au kiongozi wa kikundi anayetaka kupandisha jukwaani maisha ya watu wenye usonji (autism) na ulemavu mwingine, wao wenyewe wakiwa ndio wasanii.

1. Tafuta watu kabla ya kutafuta mada

Maonyesho mengi ya Aprili 2, siku ya usonji, na ya Desemba 3, siku ya watu wenye ulemavu, yanatungwa na watu wasio na ulemavu, yanaigizwa na watu wasio na ulemavu, mbele ya mgeni rasmi ambaye naye hana. Mwenye hali yake amekalishwa mstari wa mbele na fulana mpya, anapigwa picha. Hadhira inalia, inafuta machozi, inakwenda kula biriani.

Usianze hivyo. Angalau nusu ya kikundi wawe watu wenye ulemavu, na mmoja wao awe na sauti ya mwisho kuhusu nini kinabaki na nini kinaondoka. Sisi tuko kumi na mmoja: wanne wana usonji, wawili ni viziwi, mmoja haoni, mmoja anatumia kitimwendo, na watatu tuliobaki ni wa kubeba spika na kufuata maelekezo. Ukiwa huna pa kuanzia, nenda shule ya msingi yenye kitengo maalumu, ongea na walimu na wazazi. Kwa viziwi, uliza CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania. Vyama vingine utavipata kupitia SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu.

Kuna watu wanaodhani jambo hili ni geni kwetu. Waliosikiliza Radio Tanzania zamani wanaijua ngoma iliyotangulia taarifa ya habari. Mpigaji wake, Mzee Morris Nyunyusa, alikuwa haoni. Watu walisikiliza ngoma. Huko London kuna kundi linaitwa Graeae, lilianzishwa mwaka 1980, na tangu mwanzo waigizaji wake ni watu wenye ulemavu. Nalitaja kwa sababu moja: wao huiweka lugha ya alama na maandishi ya ukutani ndani ya mchezo wenyewe, badala ya kumsimamisha mkalimani kona ya mbali kama mtu aliyechelewa. Tutarudi huko.

Ruhusa chukua mara mbili: kwa mzazi au mlezi, na kwa msanii mwenyewe. Mzazi akikubali na msanii akakataa, jibu ni hapana. Na ruhusa haina umri wa milele. Sisi tunauliza tena wiki ya mwisho, kwa kadi mbili, ya kijani na nyekundu, maana kusema "ndiyo" kwa mdomo kwa wengine ni tabia tu ya kumaliza maswali. Tulishakata kipande kizima cha dakika sita siku nne kabla ya onyesho kwa sababu ya kadi nyekundu. Iliniuma sana, lakini tukakata.

Yapo mambo ambayo hata kwa kadi ya kijani siyapandishi: habari za chooni, vipigo vya nyumbani vinavyomtaja mtu anayetambulika, na karatasi za hospitali. Mtoto wa miaka kumi na mbili atakuwa na ishirini na mbili siku moja, na video bado ipo.

2. Kusanya maneno yaliyokwisha kusemwa

Nunua daftari la kaunta, liwe la kikundi. Kwa wiki tatu usitunge chochote. Andika tu yanayosemwa, kama yanavyosemwa, pamoja na nani kasema, saa ngapi, na kilichotokea kabla yake. Hicho cha mwisho ndicho chenye kazi.

Watu wengi wenye usonji huzungumza kwa kurudia walichokisikia: tangazo la redio, sauti ya katuni, maneno ya mwalimu wa darasa la pili, konda. Wengi tunaona ni ukasuku. Kaa na daftari utaona vingine. Kijana wetu, tulivyoandika, alisema mstari wake kila alipofika mahali pageni, kila umeme ulipokatika, na kila alipopewa chai. Mama yake akatufungulia: utotoni raha yake ilikuwa kupanda daladala na kukaa dirishani, upepo ukimpiga usoni. Kwa hiyo "kiti kipo dirishani" kwake ni kama kusema mambo ni salama. Akiwa salama anakutaarifu, akiwa na hofu anauita usalama uje. Maneno ni yaleyale, matumizi mawili. Mshairi gani hatamani mstari wa namna hiyo?

Nasi tuna kitu cha kuupokea, kimekuwepo karne na karne: kibwagizo. Shairi la Kiswahili linaishi kwa kurudia. Kila ubeti ukija, mstari wa mwisho unarudi na kubeba maana mpya kwa sababu ya yaliyosemwa juu yake. Kwa hiyo unapofanya kazi na mtu anayerudia, umeshapewa kibwagizo. Kazi yako ni kutafuta beti.

Na wasiosema kabisa? Wape njia zao. Kadi za picha, simu ya kuandikia, ngoma, kuonyesha kwa mkono. Ila jihadhari na msaidizi anayemshika mtu mkono na kumwongoza herufi kwa herufi. Majaribio yamefanywa mara nyingi, na yameonyesha kwamba maneno yanayotoka hapo huwa ni ya anayeshika mkono. Msanii aguse mwenyewe, hata kama atagusa picha mbili tu kwa siku nzima.

Binti mmoja wetu hasemi. Anachopenda ni kuzungusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu ya saruji. Mfuniko wa alumini, ule wa sufuria namba nne. Anausimamisha kwa ncha, anaupa kidole, unazunguka. Kwanza unavuma kwa chini, kisha unalala, unaanza kupiga sakafu harakaharaka, halafu tii, kimya. Tulipima: kama sekunde kumi na mbili. Tukauweka kati ya shairi la tatu na la nne. Hakuna anayesema neno mpaka mfuniko uanguke. Katika maonyesho yote tuliyofanya, hapo ndipo watu wanapoacha kuchezea simu.

3. Chagua bahari

Bahari ni aina ya shairi. Usilazimishe kila kitu kiwe shairi la vina. Nimeona, hata hivyo, kwamba mizani huwasaidia baadhi ya wasanii wetu kuliko maneno huru: inahesabika, haibadiliki, unajua kabisa pa kuishia. Mwingine anaona vina ni pingu, na huyo mpe shairi huru bila kubishana naye. Wenye kutaka kufufua ule ugomvi wa miaka ya 1970, kama shairi huru ni shairi, waufanyie nje ya chumba cha mazoezi.

Utenzi, wenye mizani nane kwa mstari na mistari minne kwa ubeti, unafaa kusimulia safari ndefu: kutafuta shule, kuzunguka hospitali. Majigambo, shairi la kujisifu, yanamfaa mtu aliyechoka kuhurumiwa. Dada yetu wa kitimwendo ana majigambo yake juu ya mataa, mifereji na bodaboda wa Tandika ambayo siwezi kuyaandika hapa, yana matusi ya haki.

Ila kwa mada hii hakuna kinachoipita ngonjera. Ngonjera ni shairi la majibizano, na Mathias Mnyampala aliieneza sana Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967, ikaingia kila shule. Wengi tunaikumbuka kama watoto waliopangwa mstari wakiimba sera. Iondoe huko. Uzuri wake ni kwamba watu wawili wanaweza kusema mstari uleule na kila mmoja akawa na maana yake. Hivi ndivyo tulivyofungua. Kijana anaanza:

Nimeziba masikio, si kwa kiburi jamani,
Honi, kelele, vilio, zaniingia kichwani,
Mwaniona kwenda mbio, mwaniita punguani,
Twende mmoja mmoja, kiti kipo dirishani!

Konda naye anajibu:

Kijana panda haraka, abiria wamo ndani,
Dereva ameshafoka, trafiki yupo mbeleni,
Kama hutaki ondoka, usizibe mlangoni,
Twende mmoja mmoja, kiti kipo dirishani!

Kibwagizo ni kimoja. Mdomoni mwa kijana ni pumziko, mdomoni mwa konda ni msukumo. Hatukuhitaji hotuba ya kueleza maana ya usonji, hadhira ilikuwa imeshasimama stendi pamoja naye. Na konda hatukumfanya mtu mbaya. Ana hesabu ya tajiri jioni. Ukiweka shetani jukwaani, kila mtu kwenye viti atajiambia "mimi siyo yule", na kazi yako imeishia hapo.

Unapotunga na wenzako, tenga mstari wa msanii kwanza, uandike chini kabisa ya karatasi. Hesabu mizani yake. Ikiwa kumi na moja, basi shairi zima ni la mizani kumi na moja. Usiukate mstari wake ili uenee kwenye bahari yako. Kisha chukua mambo matatu kutoka kwenye daftari na upande nayo juu.

Kwa washairi viziwi, vina vya mdomoni haviwahusu. Wana vyao: umbo la kiganja likirudi katika alama tatu mfululizo, hicho ni kina. Mmoja wetu alitunga juu ya mvua kwa umbo moja tu la vidole vitano vilivyotanuliwa, kutoka wingu mpaka mto. Mwache atunge kwa alama, kisha sauti imfuate yeye.

4. Maneno ya kusema na ya kuacha

Sema usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, hautokani na chanjo wala mama kutokumpenda mtoto, na huhitaji kuyasema haya yote jukwaani, ila emsii wako ayajue kwa sababu ataulizwa. Sema mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino, asiyeona. Viziwi wenyewe wengi hujiita viziwi na chama chao kina jina hilo, basi usiwasahihishe. Tunalo tatizo la ngeli: kilema, kipofu, kibogoyo, tuliwatia watu kwenye KI-VI pamoja na viti na vijiko. Hata neno likibaki, upatanisho uwe wa mtu: kiziwi amefika, siyo kimefika.

Matusi je? Kwenye ubeti hapo juu lipo "punguani". Lilibaki kwa sababu kijana alilileta hilo neno mwenyewe, kutoka mtaani kwake, na kadi ilikuwa ya kijani. Kanuni yetu ni kwamba tusi hutamkwa na aliyetukanwa. Asiye na hali hiyo halitamki jukwaani hata kama anaigiza mtu mkorofi, atatafuta namna nyingine ya kuonyesha ukorofi.

Methali moja naiombea likizo: "Hujafa hujaumbika." Ina ukweli, naam, lakini kila onyesho linaishia nayo, na inachomwambia asiye na ulemavu ni "tahadhari, hata wewe yanaweza kukupata". Dada wa kitimwendo anaketi pale pale, anasikia maisha yake yakitumika kama kitisho.

5. Mazoezi

Siku ileile, saa ileile, chumba kilekile. Sisi ni Jumamosi saa nne asubuhi. Ukibadilisha, toa taarifa siku tatu kabla, kwa picha na kwa maneno. Ukutani bandika ratiba ya michoro: salamu, ngoma, shairi, chai, shairi, kwaheri. Likiisha jambo, msanii anaubandua mchoro wake na kuutia kwenye kopo. Muda wa saa moja na nusu unatosha, na chai ni katikati, haisogezwi.

Kona moja iwe ya utulivu. Kwetu ni mkeka nyuma ya pazia la kanga mbili, na kuna ndoo ya mchanga wa kuchezea. Aendaye huko hafuatwi wala haulizwi. Anayepepea mikono au kuyumbayumba akisema shairi, mwache, na usimwambie akutazame machoni. Kwa baadhi yao kutazama macho na kusema kwa wakati mmoja ni kazi mbili, na moja itaanguka.

Maleba yajaribiwe mapema sana. Tulishonesha mashati ya satini yenye kung'aa, mazuri kweli, na watu watatu wakayavua ndani ya dakika moja. Kata lebo za shingoni. Nguo iliyozoeleka, iliyofuliwa mara nyingi, ina thamani kuliko satini. Poda na rangi za uso wengi hawazitaki, na jukwaa halitakufa kwa kuzikosa.

Hili nililijifunza kwa aibu: fanyeni mazoezi ya makofi. Onyesho letu la kwanza lilikwenda vizuri mpaka mwisho wa shairi la kwanza, ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele, na wasanii wawili wakakimbia mpaka barabarani. Mmoja tulimkuta kwa muuza mihogo. Hatukuwa tumewaambia kwamba watu wakifurahi wanapiga kelele. Tangu hapo tunaazima shangilio la viziwi, mikono juu hewani ikipungwa, na wiki tatu za mwisho tunaleta majirani waje kupunga, kwanza watano, kisha kumi na watano, kisha ua mzima.

Kwa msanii asiyeona, laza kamba ya katani sakafuni na uifunike kwa utepe wa gundi. Nyayo zitaisoma, zijue mbele ya jukwaa ni wapi. Usihamishe kiti chochote baada ya hapo. Hata sentimita kumi.

6. Ukumbi

Nenda na mtu wa kitimwendo kuukagua, usiende peke yako na kurudi na maneno ya mlinzi kwamba "watu tunawabebaga tu". Kubebwa mbele ya hadhira si njia ya kupanda jukwaani. Hesabu ya mteremko ni rahisi: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za urefu. Jukwaa la sentimita 60 linataka njia ya mita 7.2. Kumbi nyingi hazina nafasi hiyo, na fundi atakuwekea ubao wa mita mbili ambao hata mbuzi atateleza. Suluhisho letu ni kuliacha jukwaa. Tunaigiza sakafuni, hadhira inakaa nusu duara, safu ya kwanza kwenye mikeka. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 kwenda juu, na pawe na duara la mita moja na nusu la kugeuzia kitimwendo, chooni pia. Choo ndicho kinachosahaulika.

Taa za kumetameta acha kabisa, zinaweza kumwamshia mtu kifafa, na taa kali ya usoni inawaumiza wenye ualbino. Feni zenye kelele zizimwe, madirisha yafunguliwe. Spika zielekee juu ya vichwa, na mtu wa mitambo aelewe kwamba sauti ikisikika nyuma inatosha.

Mkalimani mpe maandishi yote wiki moja kabla na mlipe siku moja ya mazoezi. Kumbuka Lugha ya Alama ya Tanzania na ile ya Kenya ni lugha mbili, usimlete mtu kutoka ng'ambo ya mpaka ukidhani umemaliza. Mweke ndani ya mchezo. Kwetu mkalimani ndiye anayecheza abiria wa tatu, amesimama kwenye "daladala", anawasimulia abiria viziwi kinachoendelea. Mwanga unampata na macho hayahangaiki.

Wasioona waingie nusu saa kabla. Washike vifaa: usukani, mfuniko, kanga. Waigizaji waje mmoja mmoja, waseme jina na nguo walizovaa, kwa sauti watakayoitumia.

7. Siku yenyewe

Kibali mmeshakifuata kwa afisa utamaduni wa halmashauri, sitalirefusha hilo.

Mgeni rasmi lakini nitalirefusha kidogo. Atachelewa. Mtu mwenye usonji aliyeambiwa saa kumi, ambaye ameibandua michoro yote mpaka ule wa "onyesho", hawezi kukaa mpaka saa kumi na moja na nusu akisubiri gari la mheshimiwa. Andika kwenye barua ya mwaliko kwamba mnaanza saa kumi kamili na hotuba ni mwisho, dakika tano. Kisha muanze saa kumi kamili. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo nilitetemeka. Mheshimiwa aliingia kimyakimya, akakaa mkekani na wengine, na hakuna aliyekufa.

Jambo la pili la kwetu ni kutunza. Msanii akikukuna moyo unainuka, unakwenda kumbandika noti kwenye paji la uso. Kwa taarabu ni heshima. Kwa mtu ambaye kuguswa ghafla kunamchoma kama moto, ni shambulio la watu ishirini mfululizo. Weka kapu la ukindu mbele, katikati. Watu wanacheza mpaka kwenye kapu, wanatunza, wanarudi wakicheza. Hakuna kilichopungua, na fedha hazipotei.

Waingereza wana desturi ya maonyesho yaliyolegezwa masharti: taa za ukumbini haziwi giza, milango iko wazi, mtu anatoka na kurudi, anayepiga kelele hafukuzwi. Msanii wao mmoja, Jess Thom, ana hali ya Tourette inayomtoa maneno na miondoko asiyoipanga. Aliwahi kwenda kutazama onyesho akaombwa akakae kwenye chumba cha mitambo ya sauti ili asiwasumbue wengine. Baadaye akaona kuna kiti kimoja tu ambacho hawawezi kumwondoa, nacho ni cha jukwaani, akatengeneza onyesho lake. Nilipoisikia habari hiyo nilicheka, maana ngoma za kwetu hazijawahi kumkataza mtu kutembea wala mtoto kulia. Giza na ukimya wa ukumbini tuliletewa. Kwa hiyo emsii wetu hasomi masharti mageni, anasema tu hivi:

"Karibuni. Onyesho lina dakika arobaini. Taa hazizimwi. Mtoto akilia mwacheni alie, anayetaka kusimama asimame, mlango uko wazi na ukirudi kiti chako kipo. Tukifurahi tunapunga mikono, hivi. Vigelegele tunaviweka akiba ya harusi. Mwenye cha kutunza, kapu lile pale."

Dakika arobaini ni kikomo. Ukiona mtu amekwenda kwenye kona ya utulivu katikati ya ubeti wake, wenzake wanashika kibwagizo, wanakirudia polepole mpaka arudi, au mpaka iwe wazi kwamba harudi, kisha mnaingia sehemu inayofuata. Fanyeni mazoezi ya hilo pia. Kwetu kibwagizo kimewahi kurudiwa mara kumi na nne. Watu wa viti vya nyuma walianza kukiimba.

8. Baada ya hapo

Mjadala na hadhira ufanyike baada ya robo saa ya maji na kimya, na asiyetaka kukaa asikae. Maswali yaelekezwe kwa msanii, si kwa mama yake. "Huyu aliugua nini?" emsii halipokei. Anajibu: "Muulize kuhusu shairi."

Lipa siku hiyohiyo, kila mtu mkononi mwake, na daftari la sahihi au dole gumba. Nauli ya msindikizaji ihesabiwe mbali na malipo ya msanii. Niliwahi kufanya kazi na kikundi kimoja, sikitaji, ambacho wasanii wenye ulemavu walipewa soda na sabuni, sisi wengine bahasha. Niliipokea bahasha yangu. Nalisema hili ili ulipange kabla hujakodi viti.

Video isipande mtandaoni mpaka kadi zipite tena, na maoni ya chini yake mtu ayafute kila siku wiki ya kwanza.

Siku inayofuata usimwite mtu popote. Wengine hulala siku mbili, wengine hawataki kuvaa nguo za rangi, wengine hurudia onyesho zima peke yao uani. Mama wa kijana wetu alinitumia sauti kwa WhatsApp Jumatatu usiku. Nyuma kuna mvua kwenye bati na mtu anaosha vyombo. Kijana anasikika kwa mbali: "Jumamosi saa nne. Jumamosi saa nne." Akasema hivyo mara nane. Nilihesabu, mazoea mabaya. Mizani nane.